Airbnb, wateja wako mwenyewe, meneja au mpangaji wa mwezi: ipi itaifikisha nyumba yako Juni?

Desemba haimpimi mtu katika biashara ya kulaza wageni. Tangu shule zifungwe hadi wiki ya kwanza ya Januari, nyumba yoyote Nyali, Bamburi au Diani yenye kitanda safi, maji na feni inayozunguka hupata watu. Treni ya Madaraka inashusha abiria Miritini, magari ya kutoka bara yanajipanga Likoni, na simu ya mwenyeji haitulii. Kipimo huja Mei. Pasaka imepita, masika yamekolea, shule zimefunguliwa, na watalii wengi wa Ulaya hawatarudi hadi Julai. Kodi, intaneti, ada ya jengo na mshahara wa mlinzi havijui msimu. Mwenyeji aliyelemewa Mei ndiye utakayemwona Juni akitangaza sofa na televisheni kwenye Facebook.

Makala haya yanamlenga mtu aliye na nyumba moja au mbili za wageni, hasa pwani ya Kenya, ambaye amekwama kati ya njia nne: kutegemea majukwaa kama Airbnb na Booking.com, kutafuta wateja wake mwenyewe, kumkabidhi meneja, au kuachana na wageni wa usiku mmojammoja na kuchukua wapangaji wa mwezi mmoja hadi sita. Zote nne zinalisha watu. Zinatofautiana katika nani anabeba mzigo soko linapolala.

## Vipimo

Kila njia nimeipitisha kwenye maswali yaleyale. Pesa: baada ya ada, usafi, dobi na stima, kinabaki nini na kinafika lini? Msimu wa chini: Mei inakuwaje? Usalama: nani anaingia mlangoni, na nani anamjua? Muda: inakula saa ngapi za siku yako? Mteja: mlango huu ukifungwa kesho, unabaki na nani? Mwisho, inamfaa nani.

Idadi ya usiku uliojaa sikuiweka kama kipimo cha pekee yake, ingawa ndicho wenyeji hupenda kutajiana. Nyumba inaweza kujaa mwezi mzima na mwenyewe akabaki na deni.

## Majukwaa: Airbnb, Booking.com na mengineyo

Pesa. Kwa miaka mingi Airbnb imekuwa ikimkata mwenyeji karibu asilimia 3 na kumwongezea mgeni ada yake juu ya bei. Upo pia mfumo wa pili ambapo ada nzima, takriban asilimia 15, hutoka kwa mwenyeji. Fungua mipangilio ya akaunti yako uone uko katika mfumo upi kabla ya kupanga bei, maana wapo wanaopanga kwa mfumo mmoja na kukatwa kwa mwingine. Kamisheni ya Booking.com kwa kawaida huzunguka asilimia 15. Tahadhari yake ni hii: mgeni anaweza kukulipa wewe pale nyumbani, kisha ankara ya kamisheni ikakufuata baadaye. Pesa ile si yako yote, hata kama iko kwenye simu yako. Airbnb yenyewe hushikilia malipo na kuyaachilia takriban saa 24 baada ya mgeni kuingia, halafu benki nayo ina siku zake.

Msimu wa chini. Jukwaa linakuletea mtu asiyekujua kabisa, na hiyo ndiyo nguvu yake. Lakini Mei wote mnagombea mgeni yuleyule, na programu itakusihi ushushe bei leo na kesho tena. Kabla hujaikubalia, piga hesabu ya gharama ya mgeni mmoja: usafi, dobi, stima, maji, sabuni, gesi na ada ya jukwaa. Chini ya hapo unamlipa mtu alale kwako. Weka bei ya chini kabisa na usiivuke. Punguzo la wiki na la mwezi hufaa kuliko kushusha bei ya usiku, kwa sababu mgeni wa usiku saba anafuliwa shuka mara moja au mbili, na wageni saba wa usiku mmoja wanafuliwa mara saba.

Usalama. Hapa majukwaa yamewekeza. Wageni wanathibitishwa utambulisho, pande zote mbili zinaandikiana maoni, na Airbnb ina mpango wa AirCover unaofidia uharibifu hadi dola milioni 3. Madai hufunguliwa ndani ya siku 14 baada ya mgeni kuondoka, kwa picha na risiti. Mwenyeji asiyepiga picha za nyumba kabla ya kila mgeni atapata shida kuthibitisha kilichoharibika. Mpango huo pia hauchukui nafasi ya bima ya nyumba. Jambo jingine: tangu tarehe 30 Aprili 2024 Airbnb imepiga marufuku kamera za usalama ndani ya nyumba, hata zile za sebuleni. Iliyoko nje mlangoni inaruhusiwa, mradi umeitaja kwenye tangazo.

Muda. Hadhi ya Superhost, ile Airbnb huwapa wenyeji wake bora, hutaka wastani wa nyota 4.8, kujibu angalau asilimia 90 ya maulizo, na kutofuta nafasi isipokuwa chini ya asilimia 1. Maana yake, simu iko mkononi hata ukiwa msibani.

Mteja ni wa nani. Ni wa jukwaa. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, Airbnb iliwaruhusu wageni kufuta safari na kurudishiwa pesa zote, hata pale ambapo sheria za kufuta zilizowekwa na mwenyeji zilikataa. Baada ya malalamiko, kampuni ilitenga dola milioni 250 kuwalipa wenyeji robo ya kile ambacho wangepata kwa sheria zao. Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa mwishoni mwa Machi na kuzifungua tena tarehe 1 Agosti. Mwenyeji aliyekuwa na Airbnb peke yake hakuwa na pa kupiga simu. Simlaumu aliyefanya uamuzi ule, wageni nao walikuwa na haki yao, ila tuelewe kwamba kanuni za jukwaa zinaweza kubadilishwa usiku mmoja na asiyekujua.

Inamfaa anayeanza, asiye na jina bado, anayelenga wageni wa nje ya nchi, au aliye mahali ambapo watu hutafuta kwa ramani: Diani, Watamu, Kilimani ya Nairobi, Naivasha.

## Wateja wako mwenyewe

Wengi huanza njia hii bila kuipanga. Mgeni aliyeridhika anaomba namba, anarudi Agosti na shemeji zake, kisha kanisa lao linataka nyumba tatu.

Pesa. Hakuna ada ya jukwaa, na M-Pesa inaingia palepale. Usijidanganye kwamba ni bure, hata hivyo. Mteja wa kurudi hutarajia punguzo, dalali aliyekuunganisha anataka chake, na picha za matangazo zina gharama. Dai malipo ya awali, nusu ni haki, kwenye till ya biashara badala ya namba yako binafsi, ili pesa ya nyumba isichanganyike na ya mboga. Na usifungue mlango kwa ujumbe wa M-Pesa uliotumiwa na mgeni kwenye WhatsApp: angalia salio na taarifa ya till mwenyewe. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza.

Msimu wa chini. Orodha yako ikiwa ya watu wa likizo tu, Mei utakaa kimya. Ikiwa na watu wanaosafiri kwa kazi, utapona. Mombasa ina bandari, na bandari hailali kwa masika: mawakala wa forodha, wakaguzi wa mizigo, mafundi wa mitambo, wauzaji wa kampuni za Nairobi wanaokuja Jumatatu na kuondoka Alhamisi. Zipo pia familia zinazouguza mgonjwa hospitalini na hazitaki hoteli kwa sababu zinahitaji jiko. Hawa ndio wa kuwaandikia Machi, kabla mvua haijaanza. Wape risiti inayokubalika kazini kwao, maana mhasibu wa kampuni hawezi kulipa kwa picha ya skrini ya M-Pesa.

Usalama. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo njia hii ilipo dhaifu kuliko zote. Januari 2024 wanawake wawili vijana waliuawa katika nyumba za muda mfupi Nairobi, siku chache tu kati ya tukio moja na jingine. Nchi iliumia, watu wakaandamana mwezi uleule, na serikali ikasukuma usajili wa wenyeji kwa nguvu mpya. Kwa mwenyeji anayepokea watu kwa simu, funzo lake ni zito: usalama ni wa mgeni kwanza, samani zifuate. Jukwaa likiwa halipo, ukaguzi wote ni wako.

Kagua kitambulisho au pasipoti halisi, si picha, kwa kila mtu mzima anayelala, na uandike saa ya kuingia. Asiyetaka kuonyesha kitambulisho hana nafasi, hata kama amelipa mara mbili. Usikodishe kwa saa. Usipokee nafasi aliyoweka mtu kwa niaba ya mwingine usiyemjua. Komeo la ndani lifanye kazi, taa ya ngazi iwake, na mgeni apewe namba ya msimamizi wa jengo na ya kituo cha polisi cha karibu. Msimamizi ajue kuna watu wangapi ndani. Kisha hifadhi zile kumbukumbu kwa heshima: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu, na picha za vitambulisho vya watu hazina kazi yoyote kwenye kikundi cha WhatsApp cha wenyeji.

Muda. Mwingi. Unajibu, unajadili bei, unapokea, unakumbusha. Na ukiwa bado kwenye majukwaa, lazima kalenda ziunganishwe, la sivyo utauza Jumamosi moja mara mbili na mmoja wao utamfukuza usiku.

Mteja ni wa nani. Ni wako. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokupa hilo kwa ukamilifu.

Inamfaa mwenye miaka kadhaa kwenye kazi, anayeishi karibu na nyumba, mwenye mtandao wa kanisa, msikiti, chama au kampuni, na asiyeona haya kumwambia mgeni hapana.

## Meneja au kampuni ya usimamizi

Pesa. Asilimia 20 hadi 30 ya mapato ni dai la kawaida. Swali la kwanza ni asilimia ya nini: ya bei aliyolipa mgeni, au ya kilichobaki baada ya jukwaa kukata? Pili, nani analipa dobi, sabuni, balbu na fundi? Tatu, pesa inaingia akaunti ya nani kwanza, na inakufikia tarehe ngapi? Meneja mzuri huyajibu haya kwa karatasi kabla hujamaliza kuuliza. Akiyaogopa, mshukuru na uondoke.

Msimu wa chini. Meneja mwenye nyumba nyingi anaweza kupata kampuni inayotaka vyumba kumi kwa wiki mbili na akaigawia yako. Lakini anaweza pia kuiweka yako mwisho wa foleni, na wewe uliye mbali hutajua. Upo mkataba mwingine ambapo meneja anakulipa kodi maalum kila mwezi, nyumba ijae isijae, na faida inayozidi ni yake. Hapo Mei ni mzigo wake, na Desemba utamwona akivuna. Ni biashara halali kwa pande zote mbili, mradi mkataba useme nini kitatokea asipolipa miezi miwili.

Usalama. Unategemea uzito wa mtu mwenyewe. Ulizia nani anapokea wageni saa tano usiku. Jibu likiwa "mlinzi ana funguo", hujapata meneja.

Muda. Karibu hakuna. Ndicho unachokinunua.

Mteja ni wa nani. Hapa ndipo wenye nyumba huumia bila kujua. Tangazo likifunguliwa kwenye akaunti ya meneja, nyota na maoni yote yatabaki kwake siku mtakapoachana, nawe utaanza upya kama nyumba isiyojulikana. Fungua akaunti kwa jina lako, umwongeze yeye kama mwenyeji msaidizi.

Inamfaa Mkenya aliye Doha, Leeds au Minnesota aliyenunua nyumba kwa akiba yake na hana ndugu wa kumbebesha kazi hii. Nasisitiza hilo la ndugu. Binamu anayesimamia kwa hisani, bila malipo wala daftari, huishia kupoteza udugu na nyumba pamoja. Kama ni binamu, alipwe kama meneja na aulizwe kama meneja.

## Mpangaji wa mwezi mmoja hadi sita

Pesa. Kwa usiku mmoja ni kidogo, kwa mwezi ni ya uhakika. Mpangaji hulipa mwezi mbele na amana, ananunua tokeni zake za stima, na usafi unaweza kuwa mara moja kwa wiki. Ukimpata kupitia jukwaa, kukaa kwa usiku 28 na zaidi kuna masharti yake ya kufuta na malipo hufika mwezi kwa mwezi.

Msimu wa chini. Hii ndiyo dawa yake, na sioni haja ya kuzungukazunguka. Mhandisi wa mradi wa barabara, mtafiti wa chuo, mfanyakazi wa shirika, familia inayosubiri nyumba yao iishe kujengwa: hawa hawaangalii mvua. Nairobi soko hili ni kubwa zaidi, hasa kuzunguka Gigiri yaliko makao ya Umoja wa Mataifa, kwa sababu kule msimu hufuata mikutano na mikataba ya kazi kuliko jua na bahari. Hatari yake iko mwisho wa mkataba. Mpangaji wa Mei anayebembeleza abaki "wiki mbili tu" Julai anakula msimu wako. Tarehe ya kuondoka iandikwe, itiwe saini, na nafasi ya wageni wa Julai iwe imeshauzwa.

Usalama. Mtu mmoja wa kumjua vizuri badala ya kumi wa kuwajua nusunusu. Omba barua ya mwajiri na uipigie simu ofisi yenyewe. Majirani pia hupumua. Majengo mengi ya ghorofa Kilimani na Nyali yana mvutano na nyumba za wageni kwa sababu ya kelele na nyuso ngeni kwenye lifti, na mengine yamezipiga marufuku kabisa. Mpangaji wa miezi mitatu mara nyingi huruhusiwa pale ambapo mgeni wa usiku mmoja anakataliwa.

Muda. Mdogo.

Mteja. Ni wako, na akihama humrithisha mwenzake wa kazini.

Inamfaa anayelipa kodi au mkopo wa nyumba hiyohiyo, mwenye ajira nyingine, au aliye mbali na ufuo.

## Daftari la Mei

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa kubuni: nyumba ya vyumba viwili Nyali ambayo mwenyeji mwenyewe ameipanga kwa shilingi 45,000 kwa mwezi, intaneti 3,000, na mengineyo yasiyokwepeka 4,000. Jumla 52,000 kabla hajaingia mtu. Kila mgeni wa muda mfupi anagharimu 1,500 za usafi, dobi, stima na maji. Jukwaa linakata asilimia 15, na meneja asilimia 20 ya kinachobaki.

| Njia | Mei | Kinachobaki Mei | Desemba | Kinachobaki Desemba |
|---|---|---|---|---|
| Jukwaa | usiku 10 × 4,500, wageni 5 | hasara 21,250 | usiku 24 × 9,000, wageni 8 | faida 119,600 |
| Wateja wako | usiku 8 × 4,000, wageni 4 | hasara 26,000 | usiku 20 × 8,500, wageni 7 | faida 107,500 |
| Meneja na jukwaa | usiku 13 × 4,500, wageni 6 | hasara 21,220 | usiku 27 × 9,000, wageni 9 | faida 99,740 |
| Mpangaji wa mwezi | 80,000, usafi 3,200 | faida 24,800 | 80,000, usafi 3,200 | faida 24,800 |

Weka tarakimu zako, zangu ni za kuonyesha njia tu. Tazama kwanza meneja: analazimika kukuletea usiku tatu zaidi Mei ili tu ulingane na aliyejisimamia. Kama hawezi, unanunua muda wako, na hilo si kosa ukijua unachokinunua. Tazama pia tofauti kati ya jukwaa na mpangaji katika mwezi uleule mmoja, 46,050. Ni zaidi kidogo ya kodi ya mwezi.

Sasa ifute ile kodi ya 45,000, yaani nyumba ni yako na haina mkopo. Jukwaa la Mei linageuka kutoka hasara ya 21,250 hadi faida ya 23,750. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali kubwa kuliko la Airbnb au Booking.com: je, unalaza wageni katika nyumba yako, au katika nyumba unayodaiwa kodi au mkopo? Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni hutolewa na watu wa kundi la kwanza na kufuatwa na watu wa kundi la pili.

## Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Kenya, nyumba ya wageni wa muda mfupi ni biashara ya utalii. Inasimamiwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, ndiyo inayosajili na kutoa leseni. Kibali cha biashara cha kaunti ni jambo tofauti, kimoja hakifuti kingine. Unguja, mlango wa kugonga ni Kamisheni ya Utalii Zanzibar.

Kodi ya mapato ya upangishaji wa nyumba za kuishi ilishuka Kenya kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024, kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Inakatwa kwenye pato lote bila kuondoa gharama. Hii humgusa moja kwa moja mwenye kupangisha kwa mwezi. Kwa kulaza wageni wa usiku, kaa na mhasibu kabla ya kudhani kiwango ni hichohicho.

Na kama nyumba umeipanga, ruhusa ya mwenye nyumba iwe ya maandishi na itaje wageni wa muda mfupi kwa jina. Ruhusa ya mdomo hudumu hadi jirani wa kwanza alalamike.

## Kwa hali yako

Umeanza mwaka huu, hujulikani, na nyumba iko karibu na ufuo: anza na jukwaa moja, ulimudu, ukusanye maoni mazuri kwa bei ya wastani. Andaa till na daftari la wageni tangu siku ya kwanza ili wale wa kurudi wapate mahali pa kukupigia.

Unalipa kodi au mkopo wa nyumba hiyohiyo: tafuta mpangaji wa Aprili hadi Juni, na utafutaji uanze Februari. Julai hadi Machi rudi kwa wageni. Mkataba uishe tarehe 30 Juni bila mjadala.

Una nyumba yako isiyo na deni na unaishi mtaa huohuo: wateja wako mwenyewe ndio wa kuwajenga, jukwaa libaki la kujaza mapengo. Ukaguzi wa vitambulisho usimwachie mtoto wa shule.

Uko nje ya nchi: meneja, kwa akaunti ya jina lako, taarifa ya kila mwezi, na mtu mwingine asiyehusiana naye wa kupita pale bila kutangaza. Meneja akikupa kodi maalum ya kila mwezi, linganisha na kiasi ambacho mpangaji wa kawaida wa mwaka mzima angelipa. Kama zinakaribiana, chukua mpangaji wa mwaka, kwa sababu shuka zako hazitachakaa.

Uko Nairobi kwenye jengo lenye mvutano na wageni: wapangaji wa mwezi, na upeleke barua kwa kamati ya jengo kabla hawajakuandikia wao.

Uko Nairobi na unawaza AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, la 2027, ambalo Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa pamoja: jukwaa litakufaa wiki hizo, kwa kuwa mashabiki kutoka nje hawana namba yako. Lakini usisaini kodi ya miaka miwili kwa ajili ya mechi za mwezi mmoja. Piga kwanza hesabu ya Mei mbili ukitumia bei za kawaida, na kama nyumba haisimami kwa hizo, subiri ya bei nafuu zaidi.